Mashimo ya kokoto Dar: udongo kwanza, miti baadaye

*Mawe ya Kunduchi na mchanga wa Temeke vimelijenga jiji. Mashimo yaliyobaki yanaweza kuota tena, ila kazi hiyo huanza siku sururu ya kwanza inapogusa ardhi, si siku machimbo yanapofungwa.*

Masika yanapokolea, mashimo ya kokoto ya ukanda wa Kunduchi, Tegeta na Boko hujaa maji yenye rangi ya chokaa. Kuta zake ni mwamba wa matumbawe uliokatwa wima. Sakafu ni jiwe tupu, lililoshindiliwa na magurudumu ya malori mpaka maji hupenya kwa shida. Ukingoni, wakati mwingine hatua chache tu kutoka mdomo wa shimo, pana nyumba, choo na mwembe ambao nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani.

Mvua ikikatika maji hukauka, na kinachobaki ni vumbi jeupe. Kwenye nyufa huota mlusina na magugu mawili matatu. Shimo linaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi baada ya mchimbaji wa mwisho kubeba nyundo yake na kuondoka.

Kusini mwa jiji, Mbagala, Chamazi na Toangoma, sura ni nyingine. Huko hakuna mwamba, kuna mchanga, na ukuta wa shimo hauna uimara wa kusimama. Kila msimu wa mvua humega kipande cha shamba la jirani, kisha kipande cha uwanja wake.

Jiji lililotoka shimoni

Pwani ya Dar es Salaam imelalia vitu viwili. Kaskazini, kando ya Barabara ya Bagamoyo, miamba ya matumbawe iliyojengwa na viumbe wa bahari katika zama za kale iko karibu sana na uso wa ardhi. Mwamba huo ndio mawe ya msingi, ndio chokaa, ndio kokoto. Mlima wa Wazo ndio uliovuta kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na ambacho saruji yake leo inajulikana kwa jina la Twiga.

Kusini na magharibi ardhi ni mchanga, changarawe na udongo mwekundu wenye mfinyanzi kidogo. Hapo ndipo panapotoka mchanga wa tofali na kifusi cha kujazia viwanja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na karibu kila familia inayojenga inajenga kwa tofali za saruji. Mchanga wa tofali hizo haukutoka mbali.

Wachimbaji nao ni wa aina mbili. Kuna kiwanda chenye leseni kubwa, mitambo na wataalamu wa mazingira. Kisha kuna wapasua mawe wenye nyundo na mitaimbo, akina mama wanaogonga kokoto na kuziuza kwa ndoo, na vibarua wanaopakia mchanga kwa koleo. Mwenye shamba huuza kwa tripu: lori likijaa, analipwa. Shamba likiisha mchanga, anauza kilichobaki kama kiwanja. Katika mnyororo huo hakuna pahali pa mtu wa kupanda mti.

Kwa nini shimo halijiponyi

Shamba lililolimwa na kuachwa hurudi kuwa kichaka baada ya misimu michache. Machimbo hayarudi, na sababu ni kwamba kilichoondolewa si miti tu. Kimeondolewa kile kinacholea miti.

Udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30 za mwanzo, ndio wenye mboji, mizizi, kuvu, bakteria, minyoo na mbegu zilizolala zikisubiri mvua. Juu ya mwamba wa Kunduchi tabaka hilo ni jembamba tangu awali. Mchimbaji hulikwangua siku ya kwanza ili alifikie jiwe. Kwake ni uchafu, kwa hiyo hulisukumia pembeni, likachanganyika na mawe mabovu, au huliuza kama kifusi cha kujazia viwanja vya mabondeni. Shimo linapofungwa miaka kadhaa baadaye, hakuna cha kurudisha.

> Udongo wa juu huuzwa kama kifusi siku ya kwanza. Shimo linapofungwa, hakuna cha kurudisha.

Sakafu inayobaki Kunduchi na Boko ina tatizo la kemia. Jiwe la chokaa lina alkali nyingi, na katika hali hiyo madini ya chuma na fosforasi hufungamana na kuwa magumu kwa mizizi kuyachukua. Mche hubaki mdogo, majani yake yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Juu ya hayo, jiwe jeupe hurudisha joto la jua kwenye majani, na palipochimbwa sana karibu na bahari mizizi hukutana na maji ya chumvi.

Mashimo ya Temeke yanaugua ugonjwa wa kinyume. Mchanga hauna alkali ya ziada, lakini haushiki maji wala rutuba. Mvua ya asubuhi imekwishazama kabla ya jioni, ikienda na mbolea yoyote iliyowekwa. Dawa inayotibu Boko inaweza isifae kabisa Chamazi, na huu ni mtego wa miradi ya kupanda miti inayogawa mche wa aina moja kwa jiji zima, ikapiga picha na kuondoka.

Hesabu ya malori

Kabla ya kuzungumzia miti, hesabu moja inasaidia kuona ukubwa wa kazi. Kutandaza udongo wa unene wa sentimita 20 juu ya hekta moja kunahitaji meta za ujazo 2,000. Kwa lori linalobeba meta 10, hizo ni tripu 200. Udongo huo lazima utoke mahali fulani, na mahali hapo patakuwa shimo jingine.

Njia ya kubana matumizi ni kuweka udongo penye mizizi tu. Mashimo ya kupandia yenye upana na kina cha sentimita 60, yakiwa meta tatu kutoka moja hadi jingine, hufika takriban 1,100 kwa hekta. Kuyajaza yote kunataka meta za ujazo kama 240, yaani tripu 24. Kati ya visiwa hivyo vya udongo, sakafu huachiwa mimea ijitafutie njia yenyewe, polepole.

Mpangilio wa kazi nao hauna njia ya mkato. Kwanza kingo hulazwa. Kwenye mchanga, kila meta moja ya kwenda juu inahitaji walau meta tatu za kwenda mbele, la sivyo mvua italikata tuta. Kwenye mwamba hukatwa ngazi, na vifusi vya mawe hurundikwa chini ya ukuta ili kuupunguzia urefu. Kisha maji huelekezwa yasitiririke kwa pupa. Kisha sakafu iliyoshindiliwa hupasuliwa, kwa tingatinga au kwa sururu.

Hapo ndipo udongo na mboji huingia, na baada yake mimea ya kufunika ardhi: marejea, fiwi, kunde, ukoka. Jamii ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani na kuiingiza ardhini. Kwenye miteremko ya mchanga, mistari ya nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huzama wima kwenda chini sana, hushika udongo vizuri kuliko ukuta mfupi wa tofali, na kwa gharama ndogo zaidi. Miti hupandwa mwanzoni mwa masika, mwezi Machi au Aprili, ili iwe imekwishashika kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Anayepanda Juni kwa sababu ya wiki ya mazingira anapanda kuni.

Somo la Bamburi

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki uko kaskazini ya Mombasa, juu ya mwamba wa aina ileile ya Kunduchi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 na kikaacha nyuma yake jangwa la chokaa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kulifufua.

Haller alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zilistahimili: mvinje, mnazi, na mti wa Pembe ya Afrika unaojulikana kitaalamu kama Conocarpus lancifolius. Katika hiyo mitatu, mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake huishi na bakteria aina ya Frankia, wanaokaa kwenye vifundo na kunasa naitrojeni ya hewani, hivyo mti huo hujilisha mahali ambapo ardhi haina cha kutoa. Chumvi na upepo wa bahari haviusumbui, kama anavyojua kila aliyewahi kukaa chini ya mivinje ya ufukweni.

Lakini msitu ulisimama na udongo haukuja. Vijani vya mvinje, vyembamba kama sindano, vina tanini nyingi, na bakteria wa kawaida hawaviwezi. Vikarundikana chini kama zulia kavu, mwaka baada ya mwaka.

Mkombozi alikuwa jongoo. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakivitafuna vijani hivyo, akawaingiza machimboni kwa mamia. Jongoo hula, bakteria waliomo tumboni mwake humsaidia kumeng'enya, na kinyesi chake huwa chakula cha vijidudu wengine. Ndipo mboji ilipoanza kujengeka juu ya jiwe, na miti mingine ikapata pa kushika.

> Msitu wa Bamburi ulisimama kwanza. Udongo ulikuja baadaye, tumboni mwa jongoo.

Kilichofuata hakikuwa hifadhi tu. Mabwawa yalifugiwa perege, mivinje ilivunwa kwa nguzo, wanyama wakaletwa, na mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia kwa kiingilio. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Leo sehemu hiyo inaitwa Haller Park. Wengi duniani wanaijua kwa kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mlezi wake. Jongoo, walioifanya kazi kubwa zaidi, hawakutungiwa vitabu vya watoto.

Bamburi hata hivyo ilikuwa na vitu viwili ambavyo shimo la kawaida la Boko halina: mmiliki mmoja mwenye fedha, na ardhi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiivizia. Kwa upande wa Dar es Salaam, aliye karibu zaidi na hali hiyo ni kiwanda cha Wazo. Machimbo yake yamewahi kuwa uwanja wa utafiti wa wanafunzi na wanasayansi kupitia shindano la Quarry Life Award, lililoandaliwa na kampuni mama ya kiwanda hicho, ya Ujerumani, ambapo washiriki walichunguza mimea na viumbe wanaoishi machimboni na kupendekeza namna ya kuyarejesha.

Mvinje hautoshi

Msitu wa mvinje peke yake ni msitu maskini. Majani yake yakitanda hayaruhusu mengi kuota chini, na mti ukikatwa sana chini kwa kawaida hauchipui vizuri. Unafaa kuwa mlezi: unatangulia, unatengeneza kivuli na mboji, kisha unapunguzwa hatua kwa hatua ili wenyeji waingie.

Wenyeji hao hawako mbali. Msitu wa Pande, kaskazini magharibi mwa jiji, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mabaki ya msitu wa asili wa pwani, na ndiyo ghala la mbegu lililo karibu zaidi. Mkongo, mkwaju, mbuyu na mpingo inajua kiangazi cha hapa. Mpingo una faida ya ziada ya kunasa naitrojeni, ingawa anayeupanda asiharakie mbao. Kwenye mchanga wa Temeke, mkorosho na mwembe hufanya vizuri na humpa mwenye eneo sababu ya kuulinda mti mpaka uzae.

Popo na ndege hubeba mbegu bila malipo, mradi wapate pa kutua. Miti michache inayotoa matunda, ikiwekwa katikati ya shimo, huvuta mbegu nyingi kuliko kitalu kinavyoweza kutoa.

Wa kuangaliwa kwa jicho kali ni mlusina. Huota haraka, hunasa naitrojeni, na mbuzi huupenda, ndiyo maana zamani uligawiwa kwa wingi. Lakini hujitawanya na kuziba kila nafasi, na shimo lililofunikwa na mlusina mtupu linaonekana kijani kwa mbali huku chini hakuna kingine kinachokua.

Mboji iko jirani

Tatizo la tripu 200 lina jibu moja ambalo jiji tayari linalo. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni za kuoza: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya sokoni, majani. Mabwepande, mwendo mfupi kutoka machimbo ya Boko na Wazo, kuna kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani. Mboji ikichanganywa na mavumbi ya mawe na udongo kidogo hutengeneza kitu cha kupandia ambacho mwanzo wake si shimo jingine.

Mboji pia husaidia pande zote mbili. Kwenye chokaa hupunguza makali ya alkali karibu na mizizi na kuifanya fosforasi ipatikane. Kwenye mchanga hushika maji. Sharti ni moja, itenganishwe na plastiki, betri na vyupa tangu nyumbani, jambo ambalo bado ni gumu.

Nani analitaka shimo?

Shimo tupu katika jiji hili halikosi mchumba. Wa kwanza ni taka. Kwa mtazamo wa haraka, kujaza shimo kwa takataka kunatatua matatizo mawili kwa wakati mmoja. Lakini mwamba wa matumbawe una mianya, na maji machafu ya taka hupenya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi ambayo watu huyavuta visimani.

Historia ya jambo hili imeandikwa mahakamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji wakitaka dampo lililokuwa katikati ya makazi yao lifungwe, na wakashinda. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, mamia ya wakazi wa huko nao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1991, na Jiji likazuiwa tena. Kesi hizo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa nchini kuutetea uhai wa wakazi dhidi ya uchafuzi.

Mchumba wa pili ni kiwanja, naye ndiye mwenye nguvu. Ardhi yoyote iliyo karibu na barabara ya lami ina bei, hata ikiwa chini ya usawa wa barabara. Mgogoro wa Chasimba, ambapo wananchi walijenga ndani ya eneo la malighafi la kiwanda cha Wazo, ulidumu miaka mingi, ukafika mahakamani na kuilazimu Wizara ya Ardhi kuingilia kati. Kama kampuni kubwa yenye hati na mawakili inaweza kuzingirwa hivyo, msitu mchanga wa miche ya urefu wa goti usio na mwenyewe hauna ulinzi wowote.

Wa tatu ni wachimbaji wenyewe. Machimbo yanayotangazwa kufungwa huwa hayajaisha mawe, na mama anayelisha watoto kwa kugonga kokoto hana sababu ya kusifu kufungwa huko. Hoja yake ina uzito. Mpango wa kurejesha ardhi usiomhesabu utavamiwa usiku. Kazi ya kuchonga kingo, kuchimba mashimo ya miche, kumwagilia na kulinda kitalu inahitaji mikono mingi, na mikono iliyo karibu ni hiyohiyo iliyokuwa ikigonga mawe.

Sheria ipo, wa kuwajibika hayupo

Mawe na mchanga vimo katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kama madini ya ujenzi, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 usimamizi uko chini ya Tume ya Madini. Mchimbaji mdogo hupewa leseni ya miaka saba inayoweza kuhuishwa, na anatakiwa kuwa na mpango wa kutunza mazingira. Mwenye leseni kubwa hubanwa zaidi, pamoja na dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha eneo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na ufukwe, kifungu kinachowagusa moja kwa moja wachota mchanga wa mito ya Tegeta na Mbezi.

Pengo liko kwa yule anayeuza kwa tripu bila leseni. Hana mpango, hana dhamana, na akishauza kiwanja hayupo. Deni la shimo humwangukia mnunuzi, ambaye hulilipa kwa kujaza kifusi kilichochimbwa kwingine, au jirani, ambaye hulilipa kwa ukuta wa nyumba yake.

> Shimo la mwenye leseni lina dhamana. Shimo la tripu lina jirani.

Dhamana kubwa kwa mchimbaji mdogo itamkimbiza tu kutoka kwenye leseni. Kilicho ndani ya uwezo wake ni udongo. Magharibi mwa Australia, wachimbaji wa boksiti hukwangua udongo wa juu na kuutandaza mara moja kwenye shimo lililokwisha, kabla mbegu na vijidudu vyake havijafa, na sehemu kubwa ya mimea inayorudi hutoka ndani ya udongo huo wenyewe. Utaratibu kama huo Boko au Chamazi hauhitaji maabara: shimo lichimbwe kwa vipande, na udongo wa kipande kipya ufunike kipande cha zamani.

Pasipowezekana, udongo hurundikwa kando, rundo lisizidi meta mbili kwa urefu ili hewa ipite, na kuoteshwa ukoka au marejea usichukuliwe na mvua. Rundo hilo ni kitu ambacho afisa wa mazingira wa manispaa au mjumbe wa serikali ya mtaa anaweza kukiona kwa macho, kukipima kwa futi na kukiandika kwenye daftari la ukaguzi, leseni ikiwapo au isipokuwapo.